Maji Vuguvugu

Husemwa maji ya moto hayachomi nyumba.
Shangazi Ermelinda hakubali.
Ananionyesha mwimo wa mlango wa jikoni,
pale ubao ulipopauka kama goti la mtoto wa shule:
"Hapa mama yako alimwaga birika zima
mwaka wa sabini na tisa,
akisema uchafu hauna adabu.
Pitisha kidole. Nyuzi zimesimama hadi leo."

Basi vuguvugu. Kiasi cha kumwosha mgonjwa uso.
Kijiko cha siki, sabuni ya ukubwa wa kucha,
fulana kuukuu ya marehemu Baldomero
ikamuliwe mpaka isitoe chozi.
Na usisugue kwa kuzungusha, si sufuria hiyo;
fuata mti ulivyokua,
maana ubao haujasahau jua lilikokuwa.

Nje mvua ya Chiloé, siku ya kumi na moja,
haina haraka, kama mgeni anayejua atalala.
Ndani jiko la kuni limeacha maandishi yake
juu ya kila fremu ya dirisha:
moshi wa samaki, moshi wa suruali zilizoanikwa,
mafuta ya vidole vya watu
ambao wengine hawana vidole tena.
Nikifuta mara moja, maji ya beseni yanageuka chai.
Mara tatu, kahawa.
Shangazi anayamwaga kwenye tuta la vitunguu saumu.
"Vitakula," anasema. "Vimekula mabaya zaidi."

Kaka yangu Nibaldo amepiga simu kutoka Puerto Montt.
Anataka tupake rangi nyeupe, kote, tumalize;
wapangaji wa kiangazi hupenda nyeupe.
Shangazi aliishika simu mbali na sikio
kama samaki asiyemwamini.
"Rangi ni blanketi," akamjibu. "Mgonjwa ni nani?"

Siku ya pili tukashukia mbao za chini,
zile zinazozunguka sakafu kama pindo la gauni.
Magoti juu ya gunia la viazi,
brashi ya meno, njiti ya kibiriti niliyoichonga.
Pembeni mwa sebule ubao umeachana na ukuta,
pengo la kupitisha sarafu.
Nikauvuta kidogo ili nitoe vumbi.
Halikutoka vumbi.
Ulitoka mchanga,
mweusi, mkavu, wenye vipande vya maganda ya kome,
na sisi tuko kilimani,
mwendo wa dakika ishirini kutoka ufukweni.

Shangazi akakaa sakafuni polepole.
"Kumbe ulikuja nao," akaiambia nyumba.

Habari ile niliisikia zamani, nusu nusu:
bahari ilianza kula bustani,
majirani wakaingiza magogo chini ya nyumba hii,
wakafunga jozi nane za maksai
wakaikokota mpaka hapa, nzima, vyungu vikiwa ndani,
naye Baldomero akitembea kando, ameushika mlango
kama anayemsindikiza bibi kanisani.
Ndiyo maana hakuna mlango unaofunga sawasawa.
Ndiyo maana mbao za kona hazikutani.
Mimi nilidhani fundi alikuwa mlevi.

Nikauliza, tuurudishe?
"Mchanga?" Akanitazama. "Mchanga mzuri wa kusugulia masufuria."
Akaukusanya wote kwa kadi ya kliniki,
akautia kwenye kopo la maziwa, akafunga kifuniko.
Kisha akakifungua tena, akanusa, akafunga.

Jioni tulipaka mafuta ya kitani, tone kwa tone.
Mbao zikanywa, zikawa na rangi ya mkate.
Nikaikunja fulana niiweke sandukuni;
akaninyang'anya.
"Kitambaa chenye mafuta kikikunjwa hujiwasha chenyewe usiku.
Hiki ndicho kinachochoma nyumba."
Akaitandaza kwenye waya, chini ya upenu,
mikono miwili imenyooka,
mvua ikipita mbele yake bila kuigusa.